Kijani cha Chumba Namba Tisa

Sinza, Dar es Salaam
3 Machi 2002

Shangazi Tulinagwe,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika taratibu, na chumba changu kina dirisha moja tu linalotazama ukuta wa jirani. Nimeutazama ule ukuta mpaka nyufa zake nazijua kwa majina. Natumaini huko Tunduma mvua ni nzuri na malori yanaendelea kukwama mpakani, maana najua foleni ikiisha na gesti yako inalala njaa. Baba ameniandikia kutoka Ileje kwamba macho yanamsumbua. Mbembeleze aje kwako umpeleke hospitali, asingoje mpaka aanze kuwaamkia ng'ombe.

Sasa nije kwenye jambo. Ndani ya bahasha hii, katikati ya kadi mbili ngumu, kuna disketi. Ni ile programu yangu ya vyumba, toleo jipya. Uliniandikia kwamba mke wangu Enesi hapendi rangi: vyumba vyenye wageni vikiwa vyekundu kwenye skrini, madereva wanaochungulia pale mapokezi wanauliza kama kuna kipindupindu. Anataka chumba chenye mgeni kiwe kijani, na kitupu, ambacho ndicho kilichokuwa kijani, sasa kiwe cheupe. Shangazi, mwambie amepata. Imenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Wenzangu ofisini wangeitisha kikao kwa jambo kama hilo. Mimi nimefungua, nimebadilisha, nimefunga.

Ombi langu ni moja. Wewe una tabia ya kugawa vyumba kwa kichwa. Acha. Bonyeza kile kitufe cha "Tafuta Chumba" na ufuate mashine inavyosema. Kichwa kinachoka, mashine haichoki.

Msalimie sana Enesi. Mwambie nyumba naitafuta, nimlete huku.

Mwanao,
Osea

*

Tunduma
28 Machi 2002

Mwanangu Osea,

Marahaba. Bahasha yako tumeipokea kwa kondakta, ambaye naona aliikalia njia nzima, maana ilifika ina joto. Huku hatujambo. Mahindi ya Mbozi yamestawi, ila mchele wa Kamsamba hauji kwa sababu barabara imekuwa tope. Najua utauliza kwa nini sipigi simu wakati minara imeshafika. Nikisimama mapokezi niko Tanzania, nikiingia jikoni simu inaniambia karibu Zambia, na pande zote mbili salio linakwisha kwenye shikamoo. Tuandikiane tu.

Disketi Enesi ameiingiza mwenyewe. Kijani kimependeza. Kuna dereva wa Kizambia ambaye miaka yote husema "muli shani, mayo", yaani hujambo mama, na kupita. Jana alisimama kuitazama skrini mpaka akasahau ufunguo wake. Mimi ndiyo usiseme. Nimenunua miwani nisiyoihitaji ili nikikaa mbele ya mashine nionekane mtu wa mashine. Enesi yeye hakibonyezi hicho kitufe chako, vyumba vyote anavijua. Mimi nakitunza mpaka apite mtu wa kumringishia.

Baba yako amekubali kuja mwezi wa tano. Nimepanga siku atakayofika Enesi atoke chumbani kwake namba nne, ahamie vyumba vya nyuma, wasije wakakutana. Najua umekaa mjini, kwa hiyo nakukumbusha: kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mkwe hata aumwe na nyoka. Tangu umwoe Enesi hajateleza hata mara moja, na kaka anamsifu kwa hilo mpaka majirani wanachoka kusikia.

Halafu hiyo nyumba unayoitafuta imejificha wapi? Ni mimi ninayeuliza. Enesi ameacha kuuliza.

Shangazi yako,
Tulinagwe

*

Sinza
9 Juni 2002

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, nilipata mafua ya kiyoyozi cha ofisini, ugonjwa wa watu wenye kazi nzuri. Huko je? Mwezi wa tano umepita wote bila neno kutoka kwako. Baba alifika? Macho wanasemaje? Programu inaendeleaje?

Kuhusu nyumba, usinielewe vibaya. Nyumba za Dar zina maneno mengi. Nyingine iko mbali, nyingine ina mwenye nyumba anayetaka kujua unakula nini. Siwezi kumleta mtoto wa watu kutoka Nanyala, aliyekulia kwenye nyumba ya bati na kahawa mlangoni, nikamweka kwenye chumba hiki tutazame ukuta. Naendelea kutafuta.

Msalimie Enesi. Mwambie nimemkumbuka.

Osea

*

Tunduma
7 Julai 2002

Osea mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baridi imeshuka vibaya, asubuhi nafungua mapokezi nikiwa nimejifunga blanketi kama mgonjwa. Vumbi la malori nalo limeanza. Mbuzi wangu mweusi amezaa mapacha.

Baba yako alifika, akarudi. Hospitali hatukuwahi. Alikuwa na haraka.

Enesi yuko kwao Nanyala. Ni msimu wa kuchuma kahawa, unajua, mama yake anahitaji mikono.

Mashine nimeifunika kwa kitenge, sababu ya vumbi hilo nililokwambia.

Jihadhari na hicho kiyoyozi.

Tulinagwe

*

Sinza
21 Julai 2002

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona mbuzi amepewa nafasi kubwa kuliko baba yangu.

Wewe nakujua. Ukiwa na habari njema unaandika pande mbili za karatasi na pembeni. Ukiwa na mbaya unaniandikia hali ya hewa. Baba alikuja kutoka Ileje kwa ajili ya macho, akaondoka bila kuona daktari? Enesi anachuma kahawa, na mwaka jana kahawa ilichumwa bila yeye? Na kompyuta umeifunika. Fauzia, dada anayekaa meza ya pili hapa ofisini, ambaye kazi yake ni kukagua programu zetu na kutucheka, nilimsomea sehemu hiyo tu. Akasema programu nzuri haifunikwi kitenge.

Niambie. Nakuomba uniambie yote.

Osea

*

Tunduma
18 Agosti 2002

Mwanangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo. Nimekaa na kalamu hii tangu nimalize kupika na sasa chai yangu imepoa.

Baba yako alikuja siku moja kabla ya ile tuliyopanga. Nilikuwa stendi nikinunua ndizi, nikamwona anashuka kwenye gari, tukaja wote nyumbani jioni jua bado liko juu. Siku hiyo foleni ilikuwa imeisha. Gesti nzima tupu, hata paka alikuwa ametoka. Mtu mwenye akili angechukua ufunguo wowote ukutani akampa ndugu yake. Lakini mimi nina kompyuta. Nikavaa ile miwani. Nikamketisha kaka mbele ya skrini, nikamwambia, "Mwanao ndiye aliyeitengeneza hii. Sasa na wewe bonyeza, uone inavyofikiri." Akabonyeza. Mashine ikaandika: Namba Tisa. Nikafurahi sana, hata rangi za skrini sikuzitazama, kwa sababu namba tisa iko nyuma kabisa, mbali na namba nne ya Enesi. Nikajisemea hata mashine inaijua desturi.

Sikujua kwamba mchana ule Enesi alikuwa ameshahama. Alijua baba mkwe anakuja kesho yake, akaona awahi, akabeba begi lake akalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, akakiandika kwenye kompyuta kwamba kina mtu, akaenda sokoni. Chumba chenyewe ni namba tisa.

Osea, kwenye nyumba nzima isiyo na mtu, mashine yako ilichagua chumba kimoja tu chenye mtu.

Kaka haoni vizuri, begi hakuliona. Akavua nguo aoge, akajifunga lile taulo langu lenye picha za bata. Enesi akaja na ufunguo wake wa akiba, akafungua. Wakaangaliana. Na yule mtoto ambaye hajawahi kulitamka jina la baba yako hata kwenye maombi, alipiga ukelele, na ukelele wenyewe ulikuwa "Lusubilo!" Wazi, mpaka wauza ndizi barabarani wakageuka. Nafikiri neno ulilolibana muda mrefu ndilo linalowahi kutoka.

Kaka alijifunika shuka mpaka kichwani, akakataa kutoka. Alipotoka alikwenda stendi moja kwa moja. Huko Ileje amewaambia wazee kwamba mkwe amemvua heshima, kwamba msichana aliyelelewa anabisha hodi, na kwamba utafutiwe mwingine. Enesi alilia siku ile, kesho yake akaenda kwao. Baba yake naye anasema binti yake hataitwa asiye na adabu na watu wa Ileje, na kama ndoa ni kuvunjwa, ivunjwe. Kahawa ikiisha kuchumwa watakaa kikao.

Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Kile kitufe nilimpa mimi. Kaka hajasema kwa wazee kwamba alibonyeza mwenyewe, na mimi sijasema kwamba nilimbonyezesha ili nijishaue. Msichana ndiye amebeba.

Nifanye nini?

Tulinagwe

*

Sinza
1 Septemba 2002

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo siulizi hali ya mtu, naogopa majibu.

Barua yako niliisomea ofisini, nikafungua programu, na kosa likanikonyeza hapo hapo. Nitakueleza. Ni la kijinga kiasi kwamba Fauzia alilazimika kwenda nje kucheka.

Programu ina sehemu mbili. Ipo inayoonekana: rangi, maandishi, vitufe. Na ipo inayofikiri: nani yuko wapi, chumba gani kitupu. Kila fundi anafundishwa azitenganishe. Inayofikiri iwe na kumbukumbu yake yenyewe, na inayoonekana ipokee tu na kuonyesha. Mimi nilifundishwa hayo, niliyafanyia mtihani, na nikafaulu. Halafu nilipokaa kutengeneza ya kwako, nikaona ni gesti ya shangazi, vyumba vyenyewe ni vichache, kwa nini nijichoshe? Nikazichanganya hizo sehemu. Kitufe cha "Tafuta Chumba" kilipotaka kujua chumba gani kitupu, hakikwenda kuuliza kumbukumbu. Kilikwenda kutazama kwenye skrini ni kisanduku gani cha kijani. Kijani kilikuwa kitupu, basi. Enesi alipoomba rangi zibadilike nilibadilisha rangi, na yule mpumbavu aliyekuwa ndani akaendelea kutafuta kijani. Mpumbavu aliyekuwa ndani ndiye huyu anayekuandikia. Nilikwambia usiamini kichwa chako, uamini changu.

Enesi hana kosa. Aliandika chumba chake kama inavyotakiwa. Angekuwa mzembe, asingeandika, mashine isingempeleka Baba kule. Ameadhibiwa kwa kufuata utaratibu, na jambo hilo linanichoma, Shangazi. Ninampenda mke wangu. Simtaki mwingine, wa Ileje wala wa mbinguni.

Nimeiandika upya programu nzima, disketi hiyo hapo. Nimezitenganisha sehemu mbili, na katikati nimeweka ya tatu inayopeleka ujumbe. Sasa unaweza kupaka vyumba vyote zambarau na bado ikajua. Mbuzi wa kumsafisha Baba ile aibu nitatoa mimi.

Naomba umweleze Baba. Umweleze na baba yake Enesi. Na Enesi mwenyewe mweleze, umwambie pole, umwambie nyumba naitafuta.

Mwanao,
Osea

*

Tunduma
20 Oktoba 2002

Osea mwanangu,

Marahaba, na salamu za kila mtu: mbuzi mapacha wamekua, wa kiume ana fujo. Mvua za kwanza zimegusa Nanyala juzi. Foleni ya malori imefika mpaka kwenye mizani ya magari, nyumba imejaa, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Disketi yako niliijaribu kwanza, maana mimi sasa ni mtu wa kujaribu. Nilipaka vyumba vyote zambarau kama ulivyosema, nikabonyeza. Ikataja namba mbili. Nikaenda kwa miguu, nikabisha hodi, nikasubiri, nikabisha tena, ndipo nikafungua. Palikuwa patupu. Nimekusamehe nusu.

Kisha nikapanda gari mpaka Ileje, nikamleta kaka hospitali kwa nguvu. Amepewa miwani, na yake anaihitaji. Wakati anaijaribu, hana pa kukimbilia, nikamwambia.

"Kaka, siku ile kile kitufe nani alibonyeza?"

"Ulinikalisha wewe, dada."

"Nilikukalisha. Nilitaka kuringa. Lakini kidole kilikuwa cha nani?"

Nikamwuliza, "Ulipomposea Osea, ulikwenda Nanyala mwenyewe?"

"Niende mwenyewe kwani sina adabu? Nilimtuma mshenga."

"Alivaa koti gani?"

"Sasa koti la mshenga mimi nilikumbuke la nini? Nilisikiliza alichosema."

"Mwanao yeye alitengeneza mashine inayosikiliza koti, yaani rangi ya skrini. Mkwe wako akaomba koti lingine, na mashine ikasikia posa nyingine kabisa."

Kaka aliisukuma miwani yake mipya juu ya pua. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka nesi akachungulia. Akasema, "Nimemlipia ada huyu mtoto." Tulipotulia akasema atawaambia wazee kwamba kidole kilikuwa chake, na kwamba msichana alikuwa anamkimbia kwa heshima mpaka akamkuta. Mbuzi ni wako, amekataa kusaidia hata mguu mmoja.

Kikao kilikaa wiki iliyopita na kikaisha vizuri. Baba yake Enesi alitaka aelezwe habari ya koti mara mbili, kisha na yeye akaanza kuwaeleza wengine kama aliivumbua. Hakuna anayevunja ndoa.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya kikao nilikaa na Enesi jikoni kwao, nikamweleza yote: kijani, kumbukumbu, yule mpumbavu wa ndani. Alielewa haraka kuliko mimi. Kisha akauliza, "Kwangu ameandika nini?" Nikafungua barua yako nimsomee, Osea, na nikaona haya. Nilikuwa na karatasi nzima ya maelezo ya mashine. Kuna mahali umesema unampenda, lakini umeniambia mimi. Kwake kulikuwa na "umwambie pole." Nikazikumbuka na zile nyingine zote: msalimie, mwambie nimemkumbuka, mwambie nyumba naitafuta. Enesi akasema, "Shangazi, mimi tangu niolewe naletewa rangi tu."

Nimeona kosa la mashine yako na la ndoa yako ni moja. Pale palipotakiwa mtu wa kati, wewe hukuweka. Pale pasipotakiwa, umeniweka mimi. Kazi ya mshenga inaisha siku ya ndoa, mwanangu, na wewe bado umeniajiri, tena bila posho.

Kwa hiyo leo najiuzulu. Mapokezi nitakaa mwenyewe, na miwani yangu. Huyo Fauzia wa meza ya pili namshukuru kwa kicheko chake, na naomba aendelee kukaa hiyo meza ya pili.

Na hiyo nyumba acha kuitafuta. Enesi anasema hajawahi kuomba nyumba. Aliomba kuwa na wewe, nyumba uliijengea wewe kwenye barua. Anataka kuuona huo ukuta wa jirani wenye nyufa unazozijua kwa majina.

Barua hii sikumpa kondakta. Aliyekuletea nimemwagiza afike ofisini kwako, akukabidhi mkononi, na asiseme neno lolote mpaka umalize kusoma, ili kwa mara moja utangulie wewe kumsemesha. Amesimama mbele yako na begi lake. Inua macho.

Shangazi yako,
Tulinagwe